Mwaka wa Sakafu Iliyoinama

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Simiyu kwao Malakisi. Nilipewa dakika mbili za kuzungumza kama mtu aliyewahi kufanya kazi naye, nikasema yale yanayosemwa kwenye matanga: kwamba alikuwa mkarimu, alipenda utani, alinifundisha kazi. Watu wakaitikia, mwenye kipaza sauti akakichukua kwa upole, nami nikarudi chini ya hema kula wali na nyama. Mjane wake akaja kuketi kando yangu. Akasema bila kunitazama, "Wairimu, hukusema ya ule mwaka." Nikamjibu kwamba hapakuwa mahali pake. Akasema, "Yeye alikuwa anausema kila mtu akimsikiza. Hata pale hospitali alimwambia nesi." Chakula kikanishinda. Nilirudi nyumbani Bungoma jioni hiyo nikiwa nimeamua kuuandika, maana mwenzangu aliyekuwa akiubeba hadharani ameondoka, nami nilikuwa nimejificha nyuma yake miaka yote. Habari za kwetu Saboti, za baba na mahindi yake na ng'ombe wake, nawaachia ndugu zangu. Wao ndio wanaozipenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na cheti cha umeme wa magari ambacho hakuna aliyekihitaji, Simiyu aliponiajiri Kitale. Kazi yake ilikuwa kubadilisha vioo vya magari. Karakana ilikuwa zamani mahali pa kuoshea magari, na haikuisahau kazi yake ya kwanza: kuta zilikuwa na ukungu wa kijani hadi kimo cha kiuno, mlango ulikuwa mpana bila kizingiti cha maana, na mtaro wa kutolea maji kule ndani ulikuwa umezibwa kwa saruji na kusahauliwa. Nyuma kulikuwa na chumba kilichotengwa kwa mbao nyembamba. Humo tulikula ugali na mrenda siku za kawaida, na chapati kwa maharagwe siku mteja alipofurahi. Mbao zile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akikuna kichwa upande wa pili unamsikia, basi nilisikia mengi. Nilisikia wateja wakimnong'oneza Simiyu, "Ati huyo msichana ndiye ataguza gari yangu? Si uniitie fundi mwenyewe." Naye akijibu kwa sauti kubwa makusudi nisikie, kwa ulimi wake uliogeuza kila r kuwa l, "Fundi ndiye huyo, bana! Mimi naweka kioo tu. Hiyo maneno ya kamela muulize Wailimu." Nilipenda sana kumsikia akisema hivyo. Nilikuwa nikitafuna polepole ili nisikose neno.

Mwezi wa tatu nikasikia jambo jingine. Simiyu alikuwa amemwita mwashi mmoja aitwaye Wekesa atengeneze mlangoni, na Wekesa akawa anazunguka ndani akigongagonga chini kwa kisigino. Akasema, "Mzee, hii sakafu imelala huku kwa mtaro. Uiinue kabla ujute." Simiyu akacheka. "Wacha tuvune mahindi kwanza. Gali si inasimama sawa? Basi." Nilikuwa na andazi mdomoni. Nilisikia kila neno, nikalimeza pamoja na chai, nikaendelea kusoma gazeti la juzi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu aliyesikia habari za ufa na kunyamaza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuinuka kwenye kile kiti, na jibu ni aibu tupu: sikudhani sakafu ilinihusu. Mimi nilikuwa mtu wa mashine.

Kwa asiyejua kazi hiyo, nieleze. Magari mengi yanayotoka ng'ambo siku hizi yana kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, juu karibu na kile kioo cha kutazamia nyuma. Kamera hiyo inatazama barabara. Ikiona mtu au gari limekaribia sana na dereva hajafanya kitu, gari linapiga kelele, na kelele zisipotosha linafunga breki lenyewe. Jiwe la lori likivunja kioo, ukaweka kipya, kamera inakuwa imehama kidogo, pengine upana wa ukucha, na ukucha mmoja hapo juu ni hatua kadhaa kule mbele barabarani. Kwa hiyo lazima ifundishwe upya. Unasimamisha gari mahali palipo sawa, upepo wa magurudumu umepimwa, buti tupu. Unaweka mbele yake ubao wenye miraba myeusi na myeupe, kwa umbali na kimo kilichoandikwa kitabuni, unachomeka mashine, na mashine inaiambia kamera: ubao ule uko hapa, jipime nao. Baada ya dakika chache linatokea neno la kijani kwamba imekubali. Mimi nilikuwa mwangalifu, tena nilijisifu kwa uangalifu. Nilivuta uzi katikati ya gari, nikaning'iniza timazi, nikaweka pima maji pale magurudumu yanapokaa, ikasema sawa. Kimo cha ubao nilikipima kutoka sakafuni pale uliposimama, kama kitabu kilivyoagiza. Aliyeandika kile kitabu hakuwahi kuona mahali pa kuoshea magari Kitale.

Agosti ya mwaka ule ilikuwa ya tohara upande wa Bungoma. Mwaka wa tohara barabara za kule si za magari peke yake. Kijana anayetahiriwa anatembea na njuga zake kuwaalika jamaa, na nyuma yake na mbele yake kuna kundi zima likiimba, wanawake wakicheza kinyumenyume wakimtazama yeye, migongo yao ikielekea kule magari yanakotoka. Ndipo akaja Mwalimu Nanjala, naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi huko Ndalu, kioo chake kikiwa na ufa kutoka kona hadi kona. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya darasani. Aliketi katika chumba chetu cha mbao, akakubali chai, akajieleza bila kuulizwa. "Nimeendesha gari miaka ishirini na sijagonga hata kuku. Lakini huu mguu wa kulia, sukari imeutia ganzi. Wakati mwingine nakanyaga breki na sijui kama nimekanyaga. Ndiyo maana kijana wangu alininunulia hii, ati inashika breki yenyewe."

Tulimaliza gari lake jioni, akalichukua kesho yake asubuhi. Alikuwa na haraka. Alikuwa anapitia Ndalu kuchukua vitu, kisha baada ya chakula cha mchana ashuke hadi kwa kaka yake, mbele ya Chwele kuelekea Bungoma. "Anatahirisha kijana kesho alfajiri, na mimi ndiye senge, dada ya baba yake. Shangazi akikosa, hiyo maneno haiishi mpaka azikwe." Alipokwisha kuingia alishusha kioo cha dirisha, akaniuliza kwa sauti ndogo iliyonishangaza, "Fundi, na hii kitu, niiamini?" Hakuna mteja aliyewahi kuniita fundi kabla ya siku ile. Moyo ulinijaa. Ningeweza kumwambia, Mwalimu, hiki ni kisaidizi tu, usiendeshe kwa mguu huo. Badala yake nilitabasamu kama mtu aliyeahidiwa cheo, nikamwambia, "Iamini tu, Mwalimu. Sasa inaona kuliko mimi na wewe."

Saa saba mvua ikaja. Mvua ya Kitale ya Agosti haipigi hodi. Ilipita chini ya mlango ikaingia karakana kama iliyokuwa na ufunguo wake. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa chumba cha nyuma na bakuli la githeri. Nikayaona maji yakienea taratibu pale tunaposimamisha magari, bapa, bila haraka, halafu yakifika mbele yakaanza kukimbia. Yalikimbilia kwenye ubao wangu. Yakajikusanya kwenye miguu yake mitatu ya chuma hadi ikazama, wakati pale magurudumu yanapokaa simenti ilikuwa imelowa tu. Niliweka bakuli chini. Sauti ya Wekesa ya mwezi wa tatu ilinirudia neno kwa neno.

Nilikimbia kwa wajenzi wa jengo la jirani, nikaazima mpira wao wa maji, ule mwembamba unaopenya mwanga, ambao waashi hujaza maji na kulinganisha kimo cha huku na cha kule. Tofauti ilikuwa vidole vinne. Ubao ulikuwa umesimama vidole vinne chini ya pale kamera ilipoambiwa upo, na kamera, isiyo na namna ya kujua habari za mitaro, ilidhani ni yenyewe iliyoinua macho, ikarekebisha kosa ambalo haikuwa nalo. Tangu hapo mtu aliye karibu ingemwona yuko mbali zaidi. Breki ingefunga, ndiyo, lakini ingefunga imechelewa. Nilipiga simu ya Mwalimu. Haikupatikana. Nikapiga tena, na tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akiizima kila alipoendesha, kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu.

Simiyu aliingia akikung'uta koti, nikamwonyesha mpira. Aliutazama. Halafu akafunga mlango. "Umemwambia nani?"

"Hakuna. Hashiki simu."

"Basi wacha. Sikiza, Wailimu. Labda hiyo bleki haitaitwa kazi hata siku moja. Watu wangapi wanaendesha bila kamela? Ukianza kupigia watu simu, kesho hapa ni mahali pa kuosha gali tena."

"Mzee, mguu wake umekufa. Anaenda Chwele leo. Unajua barabara ya Chwele leo iko aje."

Alijua. Alikuwa amezaliwa kule. Mwaka wake alikuwa amevalia njuga kwenye barabara ileile. Aliketi kwenye ndoo ya gundi, akashika magoti, na nikaona uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Mimi nilikuwa nimesimama nikisikiliza mvua na kufikiri kwamba labda sasa hivi, labda sasa hivi. Akainuka, akachukua funguo za pikapu, akasema, "Ingia."

Safari ile niliiogopa kuliko kitu chochote kilichonipata kabla au baada. Tulipita Kiminini, tukapita Kamukuywa, tukakata kuelekea Kimilili, na mvua ikabaki nyuma yetu. Simiyu aliendesha bila neno, midomo ikichezacheza. Nilidhani anaomba, na nadhani bado kwamba alikuwa anaomba. Mimi nilikuwa natafuta gari jeupe la Mwalimu. Kila kona niliitazama kwanza ardhi, kama kuna watu wamekusanyika, ndipo nikatazama magari. Kundi la kwanza la waimbaji tulilikuta baada ya Kimilili, vumbi na filimbi na njuga, na mama mmoja akatupungia tawi la majani akicheka. Nilimtazama mgongo wake alipogeuka kuendelea kucheza. Ulikuwa mgongo mpana wenye leso ya manjano, na ulikuwa umeelekea upande wa magari yote ya dunia. Nilitaka kushuka nimwambie atoke barabarani, watoke wote, waende kuchezea mashambani. Simiyu akasema, "Usilie. Bado hatujaona kitu." Sikujua kwamba nilikuwa nalia.

Kundi la pili tulilikuta mbele ya Chwele, na lilikuwa kimya. Nyimbo za siku ile hazikatizwi ovyo, kwa hiyo nilijua kabla ya kuliona gari. Lilikuwa limesimama katikati ya lami, jeupe, kioo changu kipya kiking'aa. Mbele yake mwanamke mmoja alikuwa ameketi barabarani, ameshika mkono wake wa kushoto uliopinda mahali mkono haupindi. Kijana wa tohara alisimama karibu naye na njuga zake zimetulia, macho yamemtoka. Na Mwalimu Nanjala alikuwa bado kwenye usukani, mlango wazi, watu wamemzunguka wakimfokea. "Mtu mgonjwa anapewa gari ya nini?" "Ni huo mguu! Sisi tunajua huo mguu!" Naye alikuwa akiupiga mguu wake kwa ngumi na kulia, akisema, "Ni kweli. Ni mguu wangu. Jameni, ni mguu wangu."

Hapo ndipo pa aibu yangu, na nitapaandika polepole. Hakuna mtu pale aliyejua kitu. Gari lilikuwa limefunga breki lenyewe, alama nyeusi zilikuwa wazi kwenye lami, fupi, zimeanza mahali pabaya. Watu wote walikuwa wameshapata mwenye kosa, na mwenye kosa mwenyewe alikuwa amekubali. Mimi niliyepiga kelele Kitale, mimi niliyemfanya Simiyu achukue funguo za pikapu, nilisimama nikiwa na ulimi mzito kama jiwe. Niliwaogopa wale watu. Niliogopa mawe. Niliogopa kuitwa msichana aliyeguza asichokijua. Nikasema moyoni, ngoja kidogo, watulie kwanza, nitasema. Mwalimu aliinua uso akaniona, na hata hakushangaa niko pale. Akasema kama mtoto anayejitetea, "Fundi, nilikuwa nangoja ishike. Si uliniambia niiamini? Ni mimi sikukanyaga."

Ni Simiyu aliyesema. Alivua kofia yake, akapita katikati ya wale wanaume, akaongea nao kwa Kibukusu kwanza, halafu kwa Kiswahili ili na mimi nisikie vizuri. "Si mguu wake. Ni sakafu yangu. Niliambiwa imelala nikasema nivune mahindi kwanza. Huyu binti alifanya kazi safi juu ya kitu kibovu nilimpa. Mkitaka mtu, mimi hapa." Kijana mmoja alimsukuma kifuani, Simiyu akaenda kinyumenyume hatua mbili, akarudi palepale. Wajomba wa mtahiriwa wakaingilia. Hawakutaka ugomvi mbele ya kijana wao siku yake. Yule mama aliyevunjika mkono tulimpandisha pikapu, naye alikuwa wa kwanza kusema kitu cha maana: "Nipelekeni hospitali, halafu mwimbe. Asisimame hapo na njuga kimya." Simiyu hakuwahi kujua kwamba mwezi wa tatu nilikuwa nyuma ya mbao. Aliishi na kufa akidhani alikuwa peke yake aliyeonywa. Miaka yote ile, alipokuwa akiwasimulia watu, alinitaja kama binti asiye na hatia, nami nilimwacha anitaje hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini kilichoniumbua mimi ni kifo cha Simiyu.

Kabla hatujaondoka Mwalimu aliniita kwa kidole, kama anavyoita mwanafunzi. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa ameshafikiri mbele kuliko sisi wote. Aliuliza, "Na zingine?"

"Zingine zipi, Mwalimu?"

"Gari zingine zilipita kwa hiyo sakafu."

Zilikuwa kumi na saba. Tulibomoa sakafu wiki ile, Wekesa akaimwaga upya, na nikaipima kwa mpira wa maji kila siku hadi wateja wakanicheka. Halafu tukaanza kuwatafuta wale kumi na saba. Wengine walikuja wenyewe wakishukuru, wengine walitutukana, daktari mmoja wa Webuye alitufungulia mbwa. Mwingine tulimfuata hadi Eldoret tukamfanyia kazi yake uani kwake, Simiyu ameshika ubao juani saa nzima kwa sababu hakuamini tena miguu ya chuma. Nilijifunza mwaka ule kumwambia kila mtu kwa sauti, mbele ya mkewe au dereva wake, kwamba kitu hiki kinaweza kukosea na mguu ukae karibu na breki. Nilijifunza nikiwa nimechelewa. Kufikia Krismasi tulikuwa tumewapata kumi na sita.

Wa kumi na saba alikuwa kijana mmoja mchangamfu aliyekuwa akipita tu, gari jipya, kioo kilivunjwa na lori njiani. Alicheka na sisi, akala chapati zetu, akaacha nambari ya simu ambayo sasa ni ya mtu wa Kisii anayenijua kwa sauti na hataki tena kunisikia. Gari lake lilishauzwa mara mbili tulipofika kwa muuzaji wa Nakuru. Mnunuzi wa mwisho hakuacha jina la kueleweka. Kwa hiyo liko mahali fulani, jeupe, dogo, kama mengine elfu, na aliye nalo hajui kwamba lilifundishwa Kitale kuona watu wako mbali kuliko walivyo.

Nina watoto wawili. Tukivuka barabara hapa Bungoma nawashika mikono hadi wanalalamika kwamba nawaumiza, na hatuvuki mpaka gari limesimama kabisa na dereva ameniangalia machoni. Wao humwambia baba yao kwamba mama anaogopa magari. Sijawaeleza. Ninaogopa gari moja.